Kiangazi Ndicho Kinachoamua: Viuatilifu na Wadudu Wanaotulindia Mashamba Dodoma

Geuza jani la mtama mwezi wa Februari, mmea unapokaribia kutoa suke, kisha angalia upande wa chini kwa dakika nzima bila haraka. Kwenye mashamba mengi ya Chamwino au Kongwa utakuta vidukari wa rangi ya njano iliyofifia wamejipanga kando ya mshipa wa kati, na jani linanata kwa umajimaji mtamu wanaoutoa. Wakulima wengi huishia hapo na kwenda kuchukua bomba la kupulizia dawa.

Endelea kuangalia. Kuna kidudu cheusi chenye madoa ya chungwa, mwili kama mamba mdogo: huyo ni mtoto wa mbawakawa wa madoa, yule mwekundu wa mviringo ambaye watoto huchezea. Kuna funza bapa asiye na miguu anayejivuta taratibu katikati ya vidukari. Ni mtoto wa nzi-maua, yule nzi mwenye mistari kama nyuki anayesimama hewani. Kuna mayai yaliyoning'inia kwenye nyuzi nyembamba kama unywele, ambayo yametagwa na mdudu wa kijani mwenye mabawa ya wavu. Na kuna vidukari waliovimba, wakawa rangi ya kahawia kama punje ya uwele, hawatikisiki. Hao wamekufa zamani. Ndani ya kila mmoja kuna kinyigu kimoja, yaani nyigu mdogo sana, kinachokua, na kikikomaa kitatoboa tundu la duara na kutoka. Kwa kuwa vinafanana na vibuyu vidogo, nitaviita vibuyu hadi mwisho.

Wadudu hao wanafanya kazi ambayo mkulima angeilipia. Dawa tunayopiga kuua adui inawaua wao kwanza, na huku kanda ya kati hasara hiyo hudumu muda mrefu kuliko sehemu zenye kijani mwaka mzima.

Rangi kwenye lebo inakuhusu wewe, haiwahusu wao

Mkanda wa rangi chini ya lebo, yaani nyekundu, njano, bluu au kijani, unaeleza ukali wa sumu kwa binadamu. Haukuambii chochote kuhusu mbawakawa au kinyigu. Nimesisitiza hili mapema kwa sababu ushauri wa "chukua yenye kijani, haina madhara" umeenea sana. Spinosad, kwa mfano, haina sumu kali kwa mtu, na imetokana na bakteria wa udongoni, lakini ikiwa bado mbichi kwenye jani inafyeka vinyigu. Hata pareto ya asili kabisa, ile inayotokana na maua, humuua mbawakawa wa madoa kama inavyomuua adui. Neno "asili" halitoshi kuwa kipimo.

Kipimo kinachotumika na wataalamu wa shirika la kimataifa la udhibiti wa kibayolojia (IOBC) kina ngazi nne. Katika majaribio ya maabara, dawa inayoua chini ya asilimia 30 ya wadudu marafiki huhesabiwa haina madhara. 30 hadi 79 ina madhara kidogo. 80 hadi 99 madhara ya kati. Zaidi ya 99 ni hatari. Ukitazama ngazi hizo vizuri utaona kwamba hata "madhara kidogo" inaweza kuwa zaidi ya nusu ya wadudu wako.

Kwa nini wanakufa kabla ya adui

Kidukari akishachoma mdomo wake kwenye jani hukaa hapohapo. Mbawakawa hutembea. Kinyigu hukimbia juu ya jani akigusagusa kwa vipapasio, akitafuta harufu ya windo. Kwa hiyo yule anayetafuta hukanyaga mabaki ya dawa mara nyingi kuliko anayetafutwa, na mara nyingi kiwavi yuko ndani ya kiini cha mhindi au ndani ya tundu la jani la nyanya, mahali ambapo dawa haifiki.

Pili, mdudu anayekula mimea amezoea sumu. Mimea ina sumu zake za kujilinda, na walaji wake wamejijengea uwezo wa kuzivunja mwilini. Mla nyama hakupitia shule hiyo kwa kiwango kilekile.

Tatu ni suala la uzazi, na hapa ndipo mkulima anapopigwa mara ya pili. Kidukari jike huzaa watoto hai bila dume, na mtoto huyo huanza kuzaa baada ya takribani wiki moja. Mbawakawa wa madoa huchukua kama wiki tatu hadi nne kutoka yai hadi kukomaa. Tena akibaki hai baada ya dawa, hana chakula: ataruka kwenda kwingine au atakufa njaa. Vidukari wachache waliojificha kwenye ala ya jani wanabaki peke yao shambani. Baada ya siku 14 ni wengi kuliko mwanzo, na mkulima anasema dawa ni feki. Dawa feki zipo kweli, lakini mara nyingi kilichotokea ni hiki.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1888 mbawakawa aitwaye Rodolia cardinalis alichukuliwa kutoka Australia kwenda California kupambana na wadudu-gamba weupe wa machungwa, akawamaliza nguvu. Miaka ya 1940 DDT ilipoanza kupigwa katika mabustani hayo, mbawakawa akafa na wadudu-gamba wakafumuka upya. Indonesia nayo, mwaka 1986, Rais Suharto alipiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga kwa sababu panzi-mimea wa kahawia alikuwa akiongezeka kadiri dawa zilivyopigwa. Na kwa upande wa mafanikio, kinyigu Anagyrus lopezi aliyeletwa kutoka Amerika Kusini na kuachiwa Nigeria mwaka 1981 aliokoa mihogo ya sehemu kubwa ya Afrika dhidi ya vidung'ata, wadudu wadogo weupe wanaofyonza mimea. Hans Rudolf Herren aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Naamini moja ya sababu za ushindi huo ni kwamba wakulima wa mihogo kwa kawaida hawapigi dawa.

Miezi saba ya ukavu

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa takribani milimita 500 hadi 600. Kuanzia Mei shamba la mtama, uwele au alizeti linageuka vumbi, na mabua yanaliwa na ng'ombe. Wadudu marafiki wanakwenda wapi?

Wanakwenda penye kijani. Mashamba ya zabibu ya Mpunguzi, Hombolo na Makutupora yanayomwagiliwa. Bustani za nyanya, vitunguu, chinese na matikiti kandokando ya mabwawa na kwenye mito ya mchanga ambako watu huchimba visima vifupi. Uzio wa minyaa, miembe ya uani, migunga inayochanua kabla ya mvua. Hivyo ndivyo vituo vyao vya kuvukia kiangazi.

Na ni humohumo bustanini ambamo dawa hupigwa mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Kantangaze, nondo mharibifu wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014, amewazoesha wakulima wa nyanya kupiga kila wiki, wengine mara mbili kwa wiki. Kwa maneno mengine, mbegu ya ulinzi wa msimu mzima inauawa mahali ilipojificha, kati ya Agosti na Oktoba. Mvua zikija, nondo wa kiwavijeshi vamizi anaweza kuruka kilomita nyingi kwa usiku mmoja akisaidiwa na upepo. Kinyigu mwenye urefu wa milimita moja hawezi. Adui anaanza msimu akiwa kamili, na mlinzi anaanza karibu na sifuri.

Kwa hiyo, kama mtu ana nguvu ya kubadili jambo moja tu, nasema abadili anachopiga kwenye bustani ya kiangazi. Shamba la masika linafuata.

Dawa kwa dawa

Majina nayaandika kama yalivyo kwenye lebo, kwenye mstari wa kiambato amilifu, kwa maana jina kubwa la biashara halina msaada. Chupa tatu zenye majina matatu zinaweza kuwa na kiambato kimoja, na mkulima anayezizungusha anadhani anabadilisha dawa.

Pairethroidi (lambda-cyhalothrin, cypermethrin, deltamethrin) ndizo za bei nafuu na ndizo zinazoharibu zaidi. Zinaua karibu kila rafiki anayezigusa, na mabaki yake yanaendelea kuua kwa wiki kadhaa. Zina tabia nyingine inayotuhusu sana: hufanya kazi vizuri zaidi kukiwa na ubaridi kuliko kwenye joto. Mkulima anayepiga saa saba mchana mwezi wa Oktoba anaona viwavi hawafi, anaongeza kipimo, na anachofanikiwa ni kuongeza mabaki juu ya jani. Pia hufumua utitiri mwekundu kwenye nyanya, kwa kuwa huua utitiri wawindaji na kuacha ule unaonyonya.

Oganofosfeti (dimethoate, profenofos, chlorpyrifos) ni kali vilevile. Maji mengi ya visima vya Dodoma ni magumu, na mengine yana magadi. Dimethoate huvunjika haraka katika maji ya namna hiyo, hasa bomba likiachwa limechanganywa tangu asubuhi hadi jioni. Kipande cha karatasi ya kupimia pH kinatosha kujua. Ikizidi 7, changanya kiasi unachomaliza mara moja. Kundi hili ndilo lenye fenthion pia, ile inayomwagwa kwa eropleni dhidi ya ndege aina ya kweleakwelea. Kwa mtama na mpunga ulio hatarini huenda hakuna njia ya haraka kuliko hiyo, lakini vichaka vya migunga wanakolala kweleakwelea ni maficho ya wadudu marafiki pia, na fenthion haibagui.

Neonikotinoidi (imidacloprid, thiamethoxam, acetamiprid) huingia ndani ya mmea. Watu huona hilo kama usalama: dawa haiko juu ya jani, basi rafiki hadhuriki. Lakini huingia pia kwenye chavua na nekta. Kinyigu mkubwa hunywa nekta. Bila sukari huishi siku chache tu, akiwa nayo huishi wiki. Kunde, ambayo wengi huichanganya na mtama, hutoa nekta hata nje ya ua, kwenye kikonyo. Nekta hiyo ikiwa na imidacloprid inageuka chambo. Mbawakawa anayekula kidukari aliyefyonza dawa hiyo hupata sumu kupitia windo. Na imidacloprid imeonekana mara nyingi ikifuatiwa na mlipuko wa utitiri.

Abamectin na emamectin benzoate zinaua zikiwa mbichi, lakini hupenya ndani ya jani na mabaki ya juu huharibiwa na jua haraka. Ukipiga jioni, rafiki aliyekuwa nje ya shamba anaweza kurudi baada ya siku chache. Spinosad inaangukia karibu na hapo: wawindaji wengi huistahimili kiasi, vinyigu hapana, na ukali wake kwao hupungua sana ikishakaa juani siku kadhaa.

Chlorantraniliprole ni ya gharama, lakini kwa viwavi ndiyo ninayoiona ya heshima kwa vinyigu wengi. Bakteria wa Bacillus thuringiensis humdhuru kiwavi aliyekula jani lenye dawa hiyo, basi. Hufanya kazi kwa viwavi wachanga, na jua la Dodoma huiua upesi, kwa hiyo ipigwe saa kumi na moja jioni. Mwarobaini uko upande huohuo wa upole, ingawa ukipigwa kwa wingi unaweza kuwazuia watoto wa mbawakawa na nzi-maua kukua.

Buprofezin na lufenuron zinastahili onyo la peke yake. Mbawakawa mkubwa hafi, kwa hiyo mkulima akitazama anaona wapo na anaridhika. Ila mayai hayaanguliwi na watoto hawawezi kujivua ngozi. Baada ya mwezi hakuna kizazi.

Dawa za ukungu hazihesabiwi kabisa, na hilo ni kosa. Salfa ya unga inayopigwa kwenye zabibu dhidi ya ubwiri unga hudhuru utitiri wawindaji na vinyigu wa mayai wa jamii ya Trichogramma. Mancozeb nayo inajulikana kwa kudhuru utitiri wawindaji. Zabibu haiwezi kuachwa bila kinga ya ubwiri, sisemi hivyo. Tumia salfa ya kuyeyushwa kwa maji badala ya vumbi, ielekeze kwenye vikonyo na majani machanga, na usiipige joto likizidi nyuzi 32, maana inaunguza majani.

Jaribio la chupa

Huhitaji maabara kujua dawa uliyo nayo inafanya nini. Unahitaji chupa 8 za kioo ambazo hazijawahi kutiwa dawa yoyote, na mbawakawa wa madoa 40 wakubwa kutoka shamba lisilopigwa dawa kwa angalau mwezi mmoja.

Piga dawa mimea michache kwa kipimo cha lebo. Subiri saa tatu majani yakauke kabisa. Chuma majani hayo na uyaweke kwenye chupa 4. Chupa 4 nyingine weka majani yaliyopigwa maji matupu. Weka mbawakawa 5 kila chupa, pamoja na pamba iliyolowana kidogo na vidukari kutoka mmea safi. Funika kwa kitambaa chepesi na uweke kivulini. Hesabu waliokufa baada ya saa 24 na tena saa 48. Anayelala chali na kushindwa kujigeuza ukimgusa kwa njiti, mhesabu amekufa.

Makosa yanayoharibu jaribio ni ya kawaida sana. Kufunika kwa kipande cha chandarua: vyandarua vingi vina pairethroidi ndani ya nyuzi, na utaua makundi yote mawili. Pamba iliyojaa maji hutoa jasho kwenye kioo na wadudu wanazama. Chupa juani hupika kila kitu kwa nusu saa. Kushika majani ya maji matupu kwa mkono uliotoka kushika dawa nako huharibu. Na usichanganye watoto wa mbawakawa kwenye chupa moja, wanalana.

Hesabu yake ilitolewa na mwanasayansi Abbott mwaka 1925 na bado ndiyo inayotumika. Tuseme kwenye dawa wamekufa 15 kati ya 20, yaani asilimia 75. Kwenye maji wamekufa 2 kati ya 20, asilimia 10. Toa 10 kwenye 75 upate 65. Toa 10 kwenye 100 upate 90. Gawa 65 kwa 90, unapata asilimia 72. Hao ndio waliouawa na dawa yenyewe. Kundi la maji likipoteza zaidi ya 4 kati ya 20, futa matokeo, rudia.

Halafu fanya tena kwa majani ya mimea ileile siku ya 7 na siku ya 14. Hapo ndipo dawa mbili zinazofanana siku ya kwanza zinapotengana: moja inashuka hadi karibu na sifuri, nyingine bado inaua nusu.

Kwa vinyigu tumia vibuyu. Chuma majani yenye vibuyu 50 visivyo na tundu kabla ya kupiga, na 50 siku moja baada ya kupiga, weka kwenye chupa tofauti kwa siku 10, kisha hesabu vyenye tundu la duara na vinyigu waliotoka. Ganda la kibuyu humkinga kinyigu dhidi ya dawa nyingi. Lakini anatafuna kutoka akipita kwenye mabaki, kwa hiyo mara nyingine utaona tundu lipo na kinyigu amekufa pembeni. Hesabu tundu peke yake itakudanganya.

Kiasi, na mahali

Kabla ya kipimo cha dawa, jua kiasi cha maji unachomwaga. Pima mita 10 kwa 10, jaza bomba hadi alama, piga maji kwa mwendo wako wa kawaida, kisha jaza tena ukipima ulichoongeza. Ikiwa ni lita 2.5, ekari moja itakula takribani lita 101, yaani mabomba matano ya lita 20. Lebo ikisema mililita 200 kwa hekta, ekari ni mililita 81, na kila bomba ni mililita 16. Kifuniko cha chupa si kipimo, vifuniko havilingani. Tumia bomba la sindano.

Kwa kiwavijeshi vamizi, tembea kwa umbo la W na usimame sehemu tano, mimea 10 kila sehemu. Mahindi ya magotini: usipige kabla ya mimea 10 kati ya 50 kuonyesha ulaji mpya. Yakiwa makubwa lakini hayajatoa mbelewele: 20 kati ya 50. Yakishatoa mbelewele, acha. Unapopiga, elekeza nozeli kwenye kiini cha mmea ulioshambuliwa, ruka usioshambuliwa. Buibui na wale wadudu wenye koleo mkiani wako kwenye ala za majani na ardhini, na wengi watapona.

Vidukari wa mtama huanza kwa madoa, si shamba zima. Hesabu vibuyu kwenye majani 20. Nikiona vinaongezeka kati ya ziara mbili za siku tano, na watoto wa mbawakawa wapo, siwezi kushauri kupiga hata jani likinata.

Kwenye zabibu, kabla hujawapigia dawa vidung'ata, tazama sisimizi. Wanakunywa utamu wa vidung'ata na kuwafukuza vinyigu wanaokuja kutaga. Pogoa matawi yanayogusa ardhi, ondoa magome yaliyolegea, zungushia shina utepe wa gundi juu ya karatasi, si moja kwa moja kwenye gome. Sisimizi wakishindwa kupanda, vinyigu wa jamii ya Anagyrus hupata nafasi.

Na kwenye bustani ya Agosti: tundika mtego wa harufu wa kantangaze na ukague kila baada ya siku tatu. Chuma majani yenye mabaka meupe, yafungie kwenye mfuko wa nailoni juani. Ikibidi kupiga, anza na Bacillus thuringiensis au chlorantraniliprole, jioni, na acha mistari miwili ya pembeni upande wa upepo unakotoka bila dawa. Panda giligilani pembezoni na uiache ichanue badala ya kuing'oa. Maua yake madogo yanafikiwa na vinyigu wenye midomo mifupi. Magugu yenye maua kando ya kisima yaache hadi mvua za kwanza, halafu uyafyeke nusu moja, na nusu nyingine baada ya mtama kuota.